UZI: Wazamiaji, nani alipima gesi ya mtungi wako kabla hujaruka majini?

#1 Mbizi_Kaskazini

Wakuu, salaam.

Wiki mbili nimekuwa nikisema nitaandika kesho, leo naandika. Mimi ni divemasta (kiongozi wa wazamiaji) huku kaskazini Unguja, huu mwaka wa tisa. Kituo sikitaji, na anayekijua namwomba abaki nacho.

Mwanzoni mwa Desemba umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Kompresa yetu kubwa, yaani mashine ya kushindilia hewa mitungini, ni ya umeme, kwa hiyo tukaitoa stoo ile ndogo ya petroli. Ina bomba la kuvutia hewa la kama mita tatu, na mdomo wa bomba tunaufunga kwenye boriti ya mkandaa nyuma ya banda. Boriti ile ilichimbiwa pale mwezi wa saba, kusi ikivuma. Wakati wa kusi mahali pale hapana kasoro: upepo unatoka nyuma ya bomba, moshi wa injini unasukumwa upande wa pili. Sasa Desemba ni kaskazi. Upepo umegeuka, sisi tukafunga bomba palepale tulipozoea.

Tukajaza mitungi 14. Asubuhi tukaenda kisiwa cha Mnemba, tukazamia mita 18, wageni wanne na mimi. Kabla ya kuruka nilivuta pumzi mbili tatu kwenye regileta (kile cha mdomoni cha kuvutia hewa) kama kawaida yangu, nikiangalia geji isicheze. Haikunuka, haikuwa na ladha. Chini mambo shwari, tukaona na kasa wawili. Wakati wa kupanda mama mmoja akanionyesha kichwa chake. Kufika botini akatapika. Tukasema mawimbi, lakini bahari siku ile ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Mume wake naye akasema kichwa kinamgonga. Wa tatu ni mimi mwenyewe, kichwa kama kimefungwa mkanda.

Aliyeng'amua si mimi mwenye vyeti, ni nahodha, mzee wetu ambaye hajawahi kuvaa hata miwani ya kuzamia. Alitutazama akasema: "Nyinyi mmevuta moshi. Mama yangu mdogo tulimtoa chumbani kwenye jiko la mkaa, alikuwa na macho hayahaya."

Tukawapa oksijeni ya dharura, dive ya pili tukaifuta. Mtungi wangu ulikuwa umebaki na bar 70 za shinikizo, nikauweka pembeni. Kesho yake rafiki wa kituo kingine akaja na mashine yake ya kupima kaboni monoksaidi. Ikasoma 38.

Wageni wamepona, wameondoka salama. Mimi silali. Nataka kusikia kwa wenzangu: huko mnapima? Mnapimaje? Au na nyinyi mnanusa kama mimi?

#2 Kidagaa_Mchanga

Natia nanga hapa. Ila msinicheke wakuu: kwani kwenye ile mitungi si huwa wanaweka oksijeni? Moshi unaingiaje?

#3 Fundi_Banda

Hatukucheki, hata magazeti huandika "mtungi wa oksijeni". Ni hewa hiihii unayoivuta ukisoma hapa, ila imeshindiliwa. Oksijeni kama 21%, naitrojeni 78%, kilichobaki vikorokoro. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11 ukiujaza hadi bar 200 umeshindilia ndani kama lita 2,200. Ukimpa mtu oksijeni tupu akapita mita 6, unamtafutia degedege chini ya maji.

Kompresa haichagui. Kilichoko kwenye mdomo wa bomba ndicho kinachoingia. Bomba likiwa jirani na jiko la mama ntilie, utazamia na harufu ya vitumbua.

#4 Nanga_Chakavu

Mleta mada pole, lakini naona mnaanza kuwatia watu woga. Miaka 22 nazamia, Mafia, Pemba, Dar. Hewa mbaya unaijua kwa pua na ulimi. Ukivuta ukasikia mafuta, badilisha mtungi, kazi imeisha. Mambo ya mashine ni ya wazungu wenye hela za kuchezea.

#5 Dkt_Mkunguni

Mkuu Nanga, pua yako naiheshimu. Mafuta utayasikia kweli. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haina ladha. Watu wanaolala na jiko la mkaa huko Njombe na Arusha wakati wa baridi wangekuwa wanaisikia, wangeamka.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo pagumu. Gesi hii inashikana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Ikishakaa kwenye kiti haiondoki upesi. Sasa weka kina juu yake. Mita 18 shinikizo ni kama 2.8 ya huku juu. Ile 38 ya mleta mada (ni sehemu katika milioni, mashine huandika ppm) kwa shinikizo inakuwa sawa na kuvuta 106 nchi kavu. Na kwa nini kichwa kimeanza wakati wa kupanda? Chini, oksijeni nayo shinikizo lake limepanda, nyingine inayeyuka moja kwa moja kwenye maji ya damu na kuuficha upungufu. Ukipanda, akiba ile inapungua, himoglobini zilizotekwa bado zimetekwa. Ndipo mtu anapotapika, na wote mnasema ni mawimbi.

Jambo jingine ambalo limeshawaponza watu: kile kidude cha kubana kidoleni, kilichoenea tangu Korona. Usikiamini hapa. Kinatazama rangi ya damu, na damu iliyoshikwa na gesi hii ni nyekundu vilevile. Kitakwambia 98% na mgonjwa anazidi kupotea. Mpe oksijeni tupu kwa barakoa, mpeleke hospitali, na useme wazi kwamba unashuku gesi chafu. Kwa hewa ya kawaida gesi hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5, kwa oksijeni tupu ni kama saa moja hadi moja na nusu, kwenye chemba ya shinikizo ni chini ya nusu saa.

Na kwa wapenda historia: aliyewaambia wachimba makaa ya mawe wa Uingereza wabebe panya na ndege wadogo migodini ni John Scott Haldane, miaka ya 1890. Ndege akianguka kwenye tundu, watu wanakimbia. Ndege hao waliachwa rasmi mwaka 1986. Haldane huyohuyo ndiye aliyetoa, mwaka 1908, majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua ambayo majedwali yetu ya kuzamia yametokana nayo. Yaani gesi ya migodini na maradhi ya wazamiaji vilipita mikononi mwa mtu mmoja.

#6 Kidagaa_Mchanga

Dokta umeshusha nondo. Nasubiri wengine.

#7 Pwani_Diani

Wadau, niko upande wa Kenya, Diani. Sisi hiyo mashine tunayo tangu mwaka juzi, na haikuja kwa hiari. Mgeni mmoja mzee alikuja na yake ndogo mfukoni, akapima mtungi mbele ya wageni wengine wote, ikasoma 7. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 12021, isizidi 5. Wamarekani kwa hewa ya wazamiaji wanaruhusu hadi 10. Basi pale kukawa na mjadala wa nani mzungu zaidi ya mwenzake, mdosi akaona aibu, akaagiza mashine wiki hiyo hiyo.

Vile tunafanya: asubuhi unawasha mashine nje, mahali pa hewa safi, mbali na boda na jiko, isome sifuri. Unafungua mtungi kidogo uteme maji na vumbi la kwenye mdomo. Halafu unafungua taratibu sana, hewa itoke kama mtu anapoza chai, unashikilia mashine hapo mpaka namba itulie. Ikisoma 0 au 1, sawa. Ikisoma 3, tunaenda kuangalia kompresa ingawa bado iko ndani ya kiwango, kwa sababu jana ilikuwa 0. Kilichobadilika ni nini? Hiyo ndiyo swali.

Wengine hutumia mfuko wa plastiki wa kufunga: unaweka mashine ndani, unaujaza kwa hewa ya mtungi, unasoma kupitia plastiki. Inafanya kazi. Ila msinunue zile kengele za nyumbani za bei ya chini. Nyingi hazionyeshi kitu mpaka ifike 30. Kwa mzamiaji 30 ni umeshachelewa.

#8 Nanga_Chakavu

Na hiyo mashine nani anaipima? Nayo si inazeeka?

#9 Pwani_Diani

Swali zuri buda. Inazeeka. Kila baada ya muda unaipulizia gesi maalumu ya kopo yenye kiwango kinachojulikana, uone kama inasoma hicho. Kama huna kopo, angalau ipitishe karibu na ekzosi ya pikipiki uone kama inashtuka. Hiyo haikwambii kama inasoma sawasawa, inakwambia tu kwamba haijafa.

#10 Fundi_Banda

Sasa naomba nafasi, maana mnapima mitungi na chanzo kiko bandani kwangu.

Kompresa ya petroli hatari yake mmeiona. Injini ya petroli hutoa gesi hii nyingi kuliko ya dizeli, na injini iko futi chache kutoka mdomo wa bomba. Mleta mada, bomba la mita tatu ni fupi. Lirefushe, mdomo uende juu na upande upepo unakotokea, na upepo wenyewe uangalie kila unapowasha, maana matlai ya asubuhi siyo upepo wa saa tisa alasiri. Mimi nimefunga utepe wa kanga chakavu juu ya mlingoti. Kijana anayejaza hatakiwi kujua jiografia. Utepe ukielekea kwenye bomba kutoka kwenye injini, zima.

Lakini kompresa ya umeme nayo si malaika. Ikipata joto kupita kiasi, mafuta ya ndani yanaungua kwenye silinda na kutoa gesi ileile, bila ekzosi yoyote jirani. Nimewahi kuitwa sehemu, siitaji, wameweka oili ya gari kwa sababu oili ya kompresa ilichelewa bandarini. Banda halina dirisha, feni imeziba vumbi la nazi. Nilipofungua valvu ya hatua ya mwisho nilikuta masizi meusi, unayakwangua kwa ukucha kama ukoko wa ubwabwa.

Halafu chujio. Ile bomba nene mwishoni mwa kompresa ndani yake kuna tabaka: chembe za kunyonya unyevu, mkaa maalumu wa kunyonya mvuke wa mafuta, na kwenye nyingine kuna hopkalaiti, ambayo hugeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi. Hopkalaiti ikilowa imekufa. Na sisi pwani tuna maji hewani: hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo, ya nyuzi 20 hubeba 17 tu. Kitabu cha kompresa kinakupa masaa ya chujio kwa nyuzi 20. Banda langu saa nane mchana ni nyuzi 37. Kwa hiyo masaa ya kitabu mimi nayakata, na nayaandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye kompresa, kalamu nayo imefungwa kwa kamba, kwa sababu kalamu zina miguu.

Maji ya kompresa nayatoa kila robo saa ikiwa inafanya kazi. Nikifungua, napulizia kwenye kitambaa cheupe. Maji yenye ukungu wa maziwa, sawa, ni mafuta kidogo na maji, hayo ni ya kutupwa. Ila kitambaa cheupe mbele ya mtungi uliojaa kikipata doa lolote, hata dogo la njano, mitungi yote ya siku hiyo naimwaga.

#11 Mpemba_Halisi

Yakhe, nyie mwazungumza vituo vya watalii. Mimi nilikuwa mzamiaji wa majongoo ya bahari. Mitungi twakodi, twabeba kumi na mbili ndani ya mashua, mtu mmoja ashuka mara nne mara tano kwa siku. Nani apime? Ilojazwa usiku, ilojazwa jana, hujui. Twasikia kichwa, twasema ni jua. Mwenzetu mmoja alitoka maji miguu hainyanyuki, na hadi leo atembea kwa fimbo. Lile lilikuwa la kupanda haraka, si la gesi, nalijua hilo. Lakini vichwa vile vya kila siku, leo ndio naelewa huenda havikuwa jua.

Sisemi zaidi. Kazi ile niliacha.

#12 Mbizi_Kaskazini

Pole sana ami. Umenigusa. Hata mimi ningesema jua kama si nahodha.

#13 Binti_Bahari

Mwalimu wa kuzamia, naandikia Dar. Mmezungumzia gesi chafu, mimi nataka kuzungumzia gesi safi iliyoandikwa vibaya, yaani nitroksi.

Kwa Kidagaa: nitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni ili naitrojeni, ambayo hujaa mwilini ukiwa chini na kuleta maradhi ya kupanda, ipungue, ukae chini muda mrefu zaidi. Michanganyiko inayotumika sana ni 32% na 36%. Ile ya 32 ilianzia kwa wazamiaji wa NOAA, taasisi ya bahari ya serikali ya Marekani, miaka ya 1970, chini ya Morgan Wells. Faida yake ni muda, gharama yake ni kina. Shinikizo la oksijeni peke yake (asilimia yake mara shinikizo la kina) likizidi bar 1.4 unaanza kucheza na degedege, na degedege hilo mara nyingi halipigi hodi. Kwa 32% mwisho wako ni mita 33. Kwa 36% ni mita 28. Kwa hiyo ukiuchukua mtungi wa 36 ukidhani ni hewa, ukashuka mita 40, umefika 1.8.

Ndiyo maana sheria yangu kwa wanafunzi ni moja: apimaye ni mwenye kuuvuta. Sikupimii. Nasimama pembeni, unapima mwenyewe, unaandika kwenye tepu shingoni mwa mtungi: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, herufi za jina lako. Halafu unasaini daftari. Na mtungi ukirudi mtupu, tepu inabanduliwa hapohapo. Tepu ya zamani ni mbaya kuliko kukosa tepu kabisa, kwa sababu inaongopa kwa mwandiko mzuri.

Kipimo cha oksijeni ni rahisi kuliko cha gesi chafu, na nadhani hapo ndipo watu hujisahau. Ndani kuna kihisi, kijibetri kidogo kinachozalisha umeme kikikutana na oksijeni. Unakiweka kwenye hewa, unazungusha kitufe mpaka kisome 20.9, halafu unapitisha gesi ya mtungi polepole, lita moja au mbili kwa dakika. Ukifungua kwa nguvu, shinikizo linakisukuma na kitasoma juu ya ukweli. Subiri namba itulie. Kama inaendelea kupanda pole pole kama bei ya sukari, bado.

Kihisi huishi mwaka mmoja hadi mitatu, kikifa hakikuagi. Kinaweza kukubali 20.9 kwenye hewa na kikashindwa juu. Njia ya kukikamata ni kukipeleka kwenye mtungi wa oksijeni ya dharura: kikisoma 99, kizima. Kikikwama 88, kitupe, hata kama hewani kinasoma vizuri kabisa.

#14 Ghuba_ya_Maskati

Asalaam aleikum kutoka Maskati. Dada Binti umesema vyema, lakini naongeza moja lililonitesa huku tunapokwenda visiwa vya Daymaniyat wakati wa joto.

Ukirekebisha kipimo kwa hewa ya nje yenye unyevu, ile siyo 20.9. Mvuke wa maji umechukua nafasi yake. Joto 32, unyevu asilimia 80, oksijeni ya kweli hewani ni kama 20.1. Wewe umekilazimisha kiseme 20.9. Halafu unakipa gesi ya mtungi, ambayo ni kavu. Mchanganyiko wa 32 utakusomea 33 na ushee. Nilikuwa nagombana na mjazaji wangu kila Ijumaa, namwambia umezidisha, kumbe miye ndiye.

Dawa: rekebisha kwa mtungi wa hewa ya kawaida, siyo kwa upepo wa baraza. Hewa ya mtungini ni kavu, ndiyo 20.9 kweli.

#15 Nanga_Chakavu

Hapo umejichanganya sheikh. Kikisoma juu si afadhali? Utakata kina, utakuwa salama zaidi.

#16 Ghuba_ya_Maskati

Kwa kina, ndiyo. Kwa naitrojeni, hapana. Umeiambia kompyuta ya kuzamia ya mkononi, ile inayokuhesabia dakika za kukaa chini, kwamba naitrojeni ni ndogo kuliko ilivyo, itakupa dakika ambazo huna. Kosa ni dogo, nakubali. Lakini dive tatu kwa siku, siku tano, sipendi kosa linalokwenda upande mmoja kila mara.

#17 Nanga_Chakavu

Haya. Hilo sikuwa nalijua, nakiri. Basi niulize na mimi: kuna wageni wanataka kuzamia kwenye meli ya Pegasus kwa nitroksi 32, wanasema ndiyo "salama zaidi". Nimewakatalia kwa hisia tu, sikuwa na hesabu.

#18 Binti_Bahari

Hisia zako ziko sawa mkuu. Pegasus, ile meli ya vita ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, iko takriban mita 40. Shinikizo huko ni 5. Zidisha kwa 0.32 unapata 1.6, umeshaipita ile 1.4, huo ni ukingo kabisa, hakuna nafasi ya kukosea hata mita moja. Kwa hewa ya kawaida ni 1.05. Wape hewa, wape muda mfupi, na uwaeleze kwa nini. Wakikataa, wapeleke sehemu ya mita 25 na nitroksi yao, watafurahi.

Ila zingatia: hesabu hii yote ina maana tu kama kilichoandikwa kwenye tepu ndicho kilichomo.

#19 Kidagaa_Mchanga

Mimi nataka kwenda kujifunza Nungwi mwezi wa pili. Sasa mgeni kama mimi nitauliza nini bila kuonekana mjuaji?

#20 Pwani_Diani

Uliza hivi, na ucheke ukiuliza: "Naomba kuona daftari la kompresa." Basi. Kama lipo, utaletewa, hata kama lina madoa ya oili. Kama halipo, utasikia hadithi ndefu. Halafu nenda usimame nyuma ya banda, utazame mdomo wa bomba uko wapi na nini kiko jirani. Hiyo haihitaji cheti.

#21 Fundi_Banda

Na kabla ya kuruka: fungua valvu mpaka mwisho, vuta pumzi nne tano nzito huku unatazama geji. Sindano ikishuka kila ukivuta na kurudi, valvu haijafunguliwa sawasawa, chini itakunyima hewa. Nusa, onja. Nanga yuko sahihi kwamba pua ina kazi yake. Mafuta, ukungu wa stoo, harufu ya mpira ulioungua, hivyo pua inakamata. Kimoja tu haikamati.

#22 Mbizi_Kaskazini

Wakuu, narudi na mrejesho, mnisamehe kimya.

Nilimpelekea bosi uzi huu kwenye simu, nikamwambia soma kuanzia namba 5. Hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu akaniita, akaniuliza bei. Mashine ya kaboni monoksaidi imefika juma lililopita, dola mia kadhaa, imekuja na mgeni kwenye begi. Bomba sasa lina mita saba, mdomo uko juu ya paa la makuti, utepe ni wa kanga ya mke wangu. Nahodha amekabidhiwa mamlaka: akisema utepe umegeuka, injini inazimwa, hata kama mitungi miwili imebaki. Amelipenda jukumu hilo kuliko nilivyotegemea. Juzi alizima mara tatu, ya tatu nadhani alitaka tu tunyamaze.

Mitungi yote sasa inasoma 0, mara moja 1.

Ila niwaambie kilichotokea siku ya kwanza ya kupima. Tukasema tupime kila kilichomo ndani, hata vile vya nyuma ya stoo. Kulikuwa na mtungi mmoja wa chuma, rangi imebanduka, uliachwa na mwenye kituo wa zamani. Una bar 90, valvu inafunguka vizuri. Kijana alikuwa anautumia kusafishia boti chini, mita mbili tatu. Kaboni monoksaidi: 0. Nikatoa na kipimo cha oksijeni, kwa mzaha tu. Kikasoma 16. Nikasema kihisi kimekufa. Nikakipeleka kwenye oksijeni ya dharura, 99. Nikarudi kwenye ule mtungi: 16.

Fundi, hii ni nini?

#23 Fundi_Banda

Kutu. Maji ya chumvi yaliingia ndani, chuma kinaota kutu, na kutu inakula oksijeni. Hewa imebaki, bar 90 zipo, kilichopungua ni kile unachokihitaji. Ukiuacha miezi mingine ingeshuka zaidi, na mtu angezimia juujuu hata kabla hajazama vizuri. Usiujaze. Umwage taratibu, fungua valvu, mulika ndani kwa tochi.

#24 Mbizi_Kaskazini

Tumemulika. Tulipoupindua yametoka maji ya rangi ya chai ya maziwa na magamba kama kikombe kizima. Muhuri wa kupimwa kwa shinikizo la maji ni wa mwaka 1998.

#25 Nanga_Chakavu

Yule kijana anaendeleaje?

#26 Mbizi_Kaskazini

Mzima, anacheka. Anasema alikuwa anajiona mvivu tu siku za kusafisha boti. Mtungi tumemwomba fundi wa kuchomelea aukate kitako, tumeutundika kwenye mwarobaini mbele ya jiko. Ndiyo kengele ya chakula sasa, mlio wake unafika hadi ufukweni.